Je, wajua vumbi la kuogopwa ni lile usiloliona?

Kiangazi, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, lori likikupita unaziba pua mara moja. Huna kosa, ila vumbi hilo halitishi kama linavyoonekana. Punje zake nyingi ni kubwa, hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, ukapenga kamasi yakaisha.

Chembe yenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 ni habari nyingine. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa karibu maikromita 70. Chembe hiyo haikwami puani; huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, hewa inapokutana na damu.

Tena ndiyo inayobeba metali nzito kwa wingi. Kwenye moto mkali, risasi na kadimi hutoa mvuke. Moshi ukipoa, mvuke hutafuta pa kugandia, na gramu moja ya chembe ndogo ina eneo kubwa la kugandia kuliko gramu moja ya chembe kubwa. Hivyo sumu huishia kwenye chembe zilezile zinazopenya zaidi. Nao moto hauimalizi: mbao huteketea, risasi hubaki risasi.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua hayo kwa gharama kubwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi pembeni mwa nyumba zao hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana risasi katika damu. Alipigana hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa nini risasi huwaumiza watoto hasa? Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi mifupani kwa miongo. Mama akishika mimba, mifupa huiachia, nayo hupenya hadi kwa kijusi na kugusa ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nayo kadimi huharibu figo taratibu.

Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, malori ya shaba na ya mafuta hupanga foleni. Dizeli hutoa masizi, breki humwaga shaba na chuma, matairi zinki. Binafsi ningeanza kuuliza kuhusu jambo dogo zaidi, lipatikanalo popote penye biashara ya skrepa: kuchoma nyaya ili kupata shaba. Ganda la plastiki la nyaya nyingi za zamani lina risasi, na moshi wake mweusi huelea uani wanakocheza watoto. Kisu kinatosha kulichuna. Kazi ni ya polepole, lakini shaba hutoka inang'aa, na shaba isiyoungua huuzwa bei nzuri zaidi.