Maji yaliyomwagwa uani hurudi kisimani

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi ya dunia, lakini kwa mtu mwenye kisima uani mambo ni tofauti. Maji aliyoyamwaga jana, pamoja na uchafu yaliouchukua njiani, huenda akayazoa kesho kwa ndoo yake mwenyewe na kuwapa watoto wanywe. Hii ni mojawapo ya sababu za maradhi ya kuhara kuzidi mvua inaponyesha.

Kwanza tujikumbushe umuhimu wa maji. Kiasi cha asilimia 60 ya mwili wa mtu mzima ni maji. Maji ndiyo yanayosafirisha chakula katika damu, kutoa takataka kwa njia ya mkojo na kupoza mwili kwa jasho. Mtu aweza kukaa wiki kadhaa bila kula, lakini bila maji hapiti siku chache. Ndiyo sababu mtoto anayehara sana hufariki upesi. Aghalabu kinachomuua ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini.

Safari ya maji

Maji ya dunia hayaongezeki wala hayapungui, bali huzunguka. Jua hupiga Bahari ya Hindi na kugeuza maji kuwa mvuke. Chumvi hubaki baharini. Mvuke huo unapopanda juu hupoa na kuwa mawingu, nao upepo huyasukuma hadi bara yakanyesha mvua. Sehemu ya mvua hiyo hugeuka mvuke tena, sehemu hutiririka mitoni hadi baharini, na sehemu huzama ardhini.

Mfano mzuri ni maji yatokayo Mzima. Mvua inayonyesha katika vilima vya Chyulu haifanyi mito, kwa kuwa mawe ya huko yalitokana na volkano na yana matundu mengi. Maji huzama, husafiri chini ya ardhi na kutokea katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Kutoka huko, bomba la urefu wa kilomita 220 hivi, lililokamilika mwaka wa 1957, huyafikisha Mombasa. Misitu ya Chyulu ikikatwa, mvua itakuwa ikitiririka na kupotea badala ya kuzama taratibu, na mkazi wa Mombasa atafungua mfereji akute mkavu.

Kisima na choo

Hata hivyo, maji ya Mzima, pamoja na yale ya Baricho, Marere na Tiwi, hayatoshi mahitaji ya mji. Kwa hivyo katika mitaa kama Kisauni na Likoni watu wengi hutegemea visima vya uani au wauza maji wa mikokoteni, ambao wengine wao pia huteka visimani.

Hapa ndipo penye hatari. Sehemu kubwa ya ardhi ya mji huo ni mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu na nyufa. Maji ya kisima kifupi hayakusafiri mbali kama yale ya Mzima. Mengi yalizama papo hapo mtaani, mahali ambapo pia kuna mashimo ya vyoo. Wakati wa masika maji ya ardhini hupanda juu, yakakutana na shimo la choo, kisha yakapenya hadi kisimani. Huja na viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Maji hayo yaweza kuwa meupe kabisa na yasiwe na harufu, kwa hivyo usiyapime kwa macho.

Nchi yetu imeshaonja uchungu huo. Mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 ziliandamana na kipindupindu, na maradhi hayo yalizuka tena kwa nguvu mwaka wa 2022.

Isitoshe, visima vikitekwa kupita kiasi, hasa kwa pampu, maji ya bahari huvutwa chini ya ardhi hadi visimani. Maji yakiisha kuingia chumvi, kuyachemsha hakusaidii kuiondoa.

La kufanya nyumbani

Kisima kisiwe karibu na choo. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Lakini katika mawe ya matumbawe hata umbali huo huenda usitoshe, kwa hivyo maji ya kunywa sharti yasafishwe. Kisima kijengewe ukuta na kufunikwa, na ndoo ya kutekea iwe moja, isiwekwe chini. Usifulie wala kumwaga maji machafu kando yake.

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Wanaoishi nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wachemshe kwa dakika tatu. Asiye na kuni wala makaa atumie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake. Njia nyingine ni kutia maji yasiyo na tope katika chupa safi za plastiki zinazopenya mwanga, zisizozidi lita 2, na kuzilaza juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2. Kisha maji yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiguse ndani.

Usiiache mvua ipite bure. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 50 mraba, likipata mvua ya milimita 20, laweza kukupa karibu lita 1,000. Maji ya kwanza yaache yaoshe paa, ndipo ukinge tangini. Tangi lifunikwe vizuri, maana mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyosumbua Mombasa mwaka wa 2013, huzaana katika maji yaliyowekwa nyumbani. Maji hayo nayo yachemshwe kabla ya kunywewa.

Tena, maji yaliyooshea mboga yaweza kunyweshea miche, na yaliyosuuza nguo yaweza kuosha choo. Kila ndoo unayoiokoa ni ndoo ambayo kisima hakikutekwa.

Mtoto akihara, usingoje. Mpe maji ya ORS kutoka zahanati. Yakikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona macho yamedidimia, analegea, halii machozi au hawezi kunywa, mkimbize hospitalini.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kumwaga maji machafu kando ya kisima, kumbuka kwamba ardhi haiyafichi. Itayarudisha, na huenda wa kwanza kuyanywa akawa mwanao.