Adui ni Ugonjwa, si Mgonjwa

Tarehe 20 Agosti 2014, wakazi wa West Point, mtaa wa maskini mjini Monrovia, Liberia, waliamka wakakuta wamezungukwa na askari. Ebola ilikuwa imeingia mtaani, na nchi ilikwisha tangazwa kuwa katika hali ya hatari. Watu walipotaka kutoka, risasi zilifyatuliwa. Mvulana wa miaka 15 akafa. Baada ya siku 10 hivi, kizuizi kiliondolewa.

Mwezi uliofuata, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba mlipuko huo ni tishio kwa amani na usalama wa dunia. Tamko hilo liliharakisha misaada, na askari wa Marekani walijenga vituo vya tiba Liberia.

Basi neno “usalama” ni kama panga: hufyeka njia, nalo hukata mkono. Huleta fedha upesi, lakini laweza kumgeuza mgonjwa kuwa adui. Ebola haikushindwa kwa bunduki. Ilishindwa wananchi walipokubali maziko salama na kuwataja waliogusana na wagonjwa. Na hayo hayapatikani pasipo kuaminiana.

Askari atumwaye penye maradhi akumbuke: aliye ndani ya kizuizi naye ni raia aliyeapa kumlinda.