Je, Wajua? Jua huua utitiri, haliondoi kinyesi chake

Ukifagia zulia kwa fagio la chelewa wakati wa kiangazi pale Mkula, chini ya Milima ya Udzungwa, masizi ya miwa iliyochomwa kabla ya kuvunwa hupanda hewani, kisha hutua palepale. Hayo unayaona. Usiyemwona ni utitiri wa vumbi, mdudu wa takriban theluthi ya milimita, anayekula ngozi iliyopukutika mwilini mwetu na kufyonza maji kutoka kwenye unyevu wa hewa. Masika kiu haimpati.

Kinachowabana wenye pumu ni hasa kinyesi chake. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walimhusisha mdudu huyu na mzio wa vumbi la nyumbani mwaka 1964.

Mashine ya kufyonza vumbi huondoa lililo juu. Utitiri hai hung'ang'ania nyuzi. Zulia likianikwa kwenye jua kali kwa saa kadhaa, utitiri hufa kwa kukauka. Kinyesi, hata hivyo, hubaki, ndiyo maana zulia likitoka juani lazima likung'utwe, mbali na mlango, na mtu asiye na pumu. Shuka zataka maji ya nyuzi joto 60. Ya baridi huondoa kinyesi kingi, lakini utitiri wengi hunusurika.

Kwangu mimi, mkeka wa ukindu unashinda zulia lolote la dukani: hauna manyoya ya kujifichia, hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na ukianikwa haukawii kukauka.