Santuri za Vugiri

Mwaka 1931, watazamaji wa Berlin waliwasikia wasichana wa bweni wakinong'onezana, wakicheka na kulia. Filamu hiyo, Mädchen in Uniform, iliongozwa na Leontine Sagan, na waigizaji wake wote ni wanawake. Mkuu wa shule anaamini kwamba njaa na nidhamu ndiyo malezi. Msichana mmoja, Manuela, anampenda mno mwalimu wake, anatengwa, nusura ajirushe kutoka juu ya ngazi. Hapo kisa kinabebwa na sauti: wenzake wanamtafuta wakiliita jina lake shule nzima.

Sauti hiyo ilichapwa pembeni mwa mkanda wenyewe wa picha. Ndani ya projekta, mwanga hupenya mstari ule, ukageuzwa umeme, na umeme ukawa sauti. Mdomo na neno haviachani.

Kwingine sauti na picha ziliachana. Mwaka 1935, filamu zilianza kutengenezwa Vugiri, milimani Korogwe, chini ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, fedha zikitoka hasa Carnegie Corporation ya Marekani. Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, aliongoza utengenezaji, G. C. Latham alishika upande wa elimu. Hadi 1937 walitoa filamu 35: safura, kodi, akiba ya posta, hata kisa cha Gumu, mwanakijiji anayekwenda mjini kuharibikiwa. Waigizaji walikuwa Waafrika, ila kamera ilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa baadaye kwenye santuri, ikachezwa sambamba na picha.

Njia hiyo ya kubana matumizi ilikuwa na akili. Picha ileile ilisemeshwa Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja, Kibemba au Kitumbuka kwa kubadili santuri tu. Shida ni kwamba mkanda wa aina hii ukikatika na kuungwa, picha kadhaa hupotea, sauti ikabaki nyuma. Mtu ameshafumba mdomo ndipo anasikika.

Kwangu hasara kubwa ni nyingine. Manuela anakaidi kwa sauti yake mwenyewe. Mkulima wa filamu za Vugiri aliwekewa maneno baada ya picha kupigwa, na wenye somo lao la kufundisha. Tena Kisambaa cha milima ileile, na Kizigua cha Handeni ng'ambo ya mto Pangani, havikupata santuri.

Fedha zilipokwisha, serikali za makoloni hazikuuendeleza mradi. Filamu zilizohifadhiwa Uingereza ni tatu: ya safura, ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro.