Gari la Otomatiki Likishtuka, Usikimbilie Kununua Giaboksi

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa nikipita Ndia Kuu kwa mwendo wa kobe, mama yangu amekaa kando, kikapu chake mapajani. Mbele yetu alikuwa hamali na mkokoteni wa mitungi ya maji. Ndia ile mwaijua: mkokoteni ukiwa mbele, mwenye gari hana la kufanya ila kusubiri. Hamali aliposogea, nami nikakanyaga mafuta kidogo tu. Gari likasita, kisha likaruka mbele kama lililopigwa teke. Nikashika breki. Baina ya bampa na mgongo wa yule bwana palibaki kama hatua mbili. Hakunitukana. Aligeuka akanitazama tu, na mtazamo ule ulinitosha. Mama akauliza, "Gari lako lina wazimu?"

Nikalipeleka gereji. Kijana alilizungusha mtaa mmoja, akarudi na hukumu: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine ya mtumba, shilingi 85,000 pamoja na kazi. Pesa zilizokuwa nyumbani zilikuwa za ada ya watoto, na nakiri nilianza kuzipigia hesabu. Jirani ndiye aliyenizuia. Akanipeleka Majengo kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kumtengenezea gari.

Mzee hakuomba hata kuliendesha. Alisimama ubavuni, si mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, akaniambia nikanyage breki barabara, nitie D, kisha R, kisha D tena. Kila nilipobadilisha, injini iliinuka na kuanguka. Akatoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitazama, akacheka.

"Mwanangu, giaboksi haijafa. Gari lako laumwa magoti, na lina kiu."

"Magoti, ami?"

Magoti ni zile raba zinazobeba injini na giaboksi zisigusane na bodi. Zikizeeka, zikakauka kwa joto na kupasuka, kila gia ikiingia injini huruka na kugonga, na dereva hudhani giaboksi yavunjika. Kiu nayo ilikuwa oili: sili moja ilikuwa ikivuja, na oili imeteremka chini ya alama. Raba mbili, sili na oili ya aina yake, zote pamoja hazikufika robo ya bei niliyotajiwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikimsumbua mzee yule kwa maswali. Nimeona niyaandike majibu hapa, kwa sababu wengi wetu kisiwani tunaendesha otomatiki ambazo hatukufundishwa. Tulijifunza kwa gari la klachi, kisha tukanunua gari lililoshushwa bandarini kutoka Japani, halijapita miaka 8 kama sheria inavyotaka, na kitabu chake, kikiwemo, kimeandikwa Kijapani.

Jua kwanza una giaboksi gani

Watu husema "otomatiki" kama kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja.

Ya kwanza ni ile ya zamani yenye gia 4, au 6 katika magari mapya zaidi. Probox za kabla ya 2014 zina hii ya gia 4. Hapa hakuna klachi ya kukanyaga. Badala yake kuna chombo kilichojaa oili kati ya injini na gia. Chukua mapangaboi mawili uyaelekezanishe, uwashe moja: upepo wake utalizungusha la pili ingawa halina umeme. Ndani ya giaboksi kazi hiyo ya upepo hufanywa na oili. Ndiyo maana ukitia D na kuachia breki, gari husogea lenyewe bila mafuta: pangaboi la injini halisimami.

Ya pili ni CVT, iliyo katika Vitz nyingi za tangu 2005, Nissan Note, na Probox za baada ya 2014. Hii haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Kwa hivyo ukilikanyaga, injini hunguruma kwanza na mwendo hufuata nyuma. Wageni wa CVT hudhani inateleza, kumbe ndivyo ilivyoumbwa.

Ya tatu ina klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, kama ile ya Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013. Kwa kuwa ndani yake mna klachi za kweli, kutambaa kwenye foleni huzichosha na kuzipasha moto, na mtetemo mdogo wa kuanzia mwendo si wa kushangaza.

Mashtuko ambayo si maradhi

Asubuhi ukiwasha gari, injini huzunguka kwa kasi kwa muda mfupi, hata hapa kwetu pasipo baridi. Ukitia D papo hapo utasikia kishindo. Subiri mshale wa mizunguko uteremke, huwa ni chini ya dakika moja, kisha tia gia. Kilomita za mwanzo gari pia huchelewa kupanda gia, kwa sababu oili bado haijapata joto lake.

AC nayo ina mambo. Kompresa inapoanza, injini huongezewa nguvu kidogo ili isizimike, na nguvu hiyo hufika magurudumuni. Ukiwa kwenye foleni ya Marikiti, mguu umeulegeza kwenye breki, utahisi gari linasukuma mbele. Kanyaga breki kikamilifu, usiiguseguse.

Kisha kuna kusitasita kati ya gia ya 1 na ya 2. Mwendo wa Mji wa Kale ni mwendo wa mtu anayetembea, na ndio mwendo ambao gari la gia 4 halijui lichague gia ipi. Wapanda, waachia, wakanyaga tena, nalo labadilisha kila mara na kukutikisa. Dawa ni kutia L au 2 ukiingia vichochoroni, ili lisiwe na la kuchagua. Ukitoka barabara kubwa, rudisha D.

Kuna pia kuchelewa kwa gari unapotaka kulipita lori. Ukikanyaga mafuta hadi chini, gari lapaswa kwanza kushusha gia, kisha ndipo nguvu ije. Katika barabara ya Malindi, sekunde hiyo moja ni mita nyingi, na mbele yaja basi. Hesabu sekunde hiyo kabla ya kutoka kwenye laini yako. Ukiona nafasi haitoshi na hiyo sekunde ndani yake, basi haitoshi.

Na kabla ya kulaumu chochote, tazama vitufe. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka bila kumetameta, umezima gia ya juu kwa kidole: gari litanguruma na kunywa petroli hadi Nairobi. Magari mengine yana kitufe kilichoandikwa "SNOW", yaani theluji. Kikibonyezwa, gari nyingi huanza mwendo kwa gia ya 2 zisiteleze kwenye barafu, na huwa zito kuondoka. Mzee aniambia amewahi kuletewa gari "lisilo nguvu", na dawa yake ikawa kidole kimoja. Theluji ya Mombasa sijui itanyesha lini.

Makosa yetu madereva

Tukikutana na gari jingine kwenye kichochoro, twarudi nyuma na R, kisha twatia D gari lingali linarudi. Hapo twaiamuru giaboksi ifanye kazi ya breki. Simama kabisa, tia D, hesabu moja, ndipo uachie breki. Bahati mbaya mwenye gari la nyuma hupiga honi, nasi twafanya haraka kwa ajili yake. Giaboksi ikivunjika hatatuchangia.

Wengine wakiteremka Mazeras kuelekea Miritini hutia N wakidhani wanaokoa mafuta. Magari ya sasa yenye sindano za petroli hufanya kinyume: ukiwa kwenye D na mguu umeuondoa, kompyuta hukata petroli kwa muda kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiwa kwenye N, injini yahitaji petroli ili isizimike. Tena kwenye N umepoteza msaada wa injini kukushika, na mzigo wote uko juu ya breki. Mteremko mkali kama wa Wundanyi kushukia Mwatate ukiutelemka kwa N, breki zitapata moto na huenda zikakosa kushika. Pale tumia 2, L, S au B, kulingana na herufi zilizo kwenye gari lako.

Oili pia ni kosa letu. Oili ya otomatiki ya kawaida si oili ya CVT, na ya CVT ya kampuni moja huenda isifae nyingine. Nissan nyingi za CVT zataka NS-2 au NS-3. Toyota za CVT zataka TC au FE. Toyota nyingi za gia za kawaida za miaka ya karibuni zataka WS. Mkanda wa chuma ukipewa oili isiyo yake utateleza na kujikwaruza, na hapo giaboksi itakufa kweli. Fundi akikuambia "zote ni sawa", funga boneti.

Dalili za kutopuuza

Sasa isije mtu akanielewa kwamba kila kishindo ni raba. Ziko dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Ukitia D au R na gari likangoja sekunde mbili au tatu kabla ya kushika, huenda oili imepungua au msukumo wake umedhoofika. Katika gari lenye gia, injini ikipanda mizunguko ghafla na mwendo usiongezeke, klachi za ndani zinateleza. Madoa ya oili chini ya gari, oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua, au taa ya O/D inayometameta, zote ni ujumbe. Na baada ya mvua za masika, ukiwa umepita kwenye maji mengi, oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiliendeshe tena mpaka isafishwe.

Kupima oili pia kuna adabu yake. Magari mengi yenye kijiti hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, gari limesimama pasawa, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imetoka kuzimwa. Na yako magari yasiyo na kijiti kabisa. Hayo huinuliwa, na si kazi ya kando ya barabara.

Kivukoni

Nimeliweka mwisho lililo zito. Sote twaikumbuka Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, na mama na mwanawe wakafa maji. Siandiki kueleza chanzo cha msiba ule. Naandika kwa sababu tangu hapo kila nikipanda feri na familia, mkono wangu huangalia handibreki mara mbili.

Herufi P si breki. Ni kijino kidogo cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu la meno ndani ya giaboksi na kulizuia. Kazi yake ni kusaidia, na chaweza kuvunjika au kukosa kuingia sawasawa. Wala D haishikilii gari mlimani: mteremko ukiizidi ile nguvu ya kutambaa, gari la otomatiki litarudi nyuma na gia ya mbele imo ndani.

Kwa hivyo kwenye feri, na popote penye mteremko, fuata mpango huu. Kanyaga breki. Tia N. Vuta handibreki hadi mwisho. Achia breki ya mguu taratibu uone kama handibreki imelibeba gari. Kanyaga tena, ndipo utie P na kuzima. Ukifanya hivyo, uzito wa gari haukikalii kile kijino, na ukiondoka hutasikia ule mlio wa "ka!" ambao wengi huudhania ugonjwa. Handibreki isiposhika kwenye jaribio hilo, usipande feri, itengeneze kwanza.

Ukiambiwa giaboksi imekufa, uliza mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi: oili imepimwa? Raba za injini zimeangaliwa? Kompyuta ya gari imesomwa makosa yake? Asiyeweza kukujibu hayo hajaichunguza giaboksi yako.

Juzi nilipita Ndia Kuu tena, gia iko L, mama kando na kikapu chake. Hamali yule yule alikuwa mbele na mitungi yake. Nilisimama mbali, nikamngoja apite. Safari hii alinipungia mkono.