Kumlilia Aliye Hai (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao hapa Kisangani tunautaja kwa herufi mbili tu: SS. Mwaka 2010 Agasa na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wachanga 520 wa hapa: karibu 1 katika kila 100 alikuwa SS, na zaidi ya 23 katika kila 100 walibeba jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja. Wanaotibiwa mapema wengi hukua. Leo nawaza wazazi wa mtoto ambaye daktari amekwisha kusema hatapona, awe SS au mwenye saratani.

Mtu akifa kwetu, Makiso au Mangobo, turubai hufungwa, viti huletwa, majirani hukesha. Matanga tunayajua. Lakini mama aliyevuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga, akalala wiki tatu juu ya kitenge kando ya kitanda cha mwanawe, hana turubai. Akilia anaambiwa: nyamaza, mama, unamchuria mtoto. Akinyamaza, wakwe humwona ana moyo mgumu. Kisha ukoo huanza kutafuta mchawi, na kidole humwangukia yeye. Hapa niseme wazi: SS hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Mama asibebeshwe peke yake.

Majonzi yanayotangulia kifo si uchuro. Erich Lindemann, daktari wa akili wa Boston, aliyaeleza mwaka 1944. Alikutana na askari aliyerudi salama kutoka vitani akakuta mkewe hampendi tena, anadai talaka. Kumbe mke alikwisha kumlilia na kumzika moyoni. Ndiyo hatari inayomkabili mzazi aliyeachwa peke yake na majonzi yake. Utamwona baba hakanyagi tena wodini. Mapenzi hayajaisha, amekwisha kumzika mwanawe, na mwanawe yu macho, anamwulizia.

Tena mtoto hujua. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alionyesha kwamba watoto wa Marekani wenye saratani ya damu walitambua kuwa wanakufa ingawa hakuna aliyewaambia. Walificha wanachojua, wakubwa wasije wakawakimbia.

Basi wauguzi, tulizeni maumivu kwanza. Mzazi wa mtoto anayepiga kelele usiku kucha hana nafasi ya kuaga. Habari kwamba mtoto hatapona mwambieni mbele ya ndugu anayemwamini, akiwa ameketi, wala si koridoni. Kisha mwachieni kazi za mzazi: kumwogesha, kumlisha, kumwimbia. Mkimwona analia, kaeni naye.

Nanyi majirani, mtoto wa mtaani kwenu akilazwa, msingoje turubai. Chakula ambacho mngepeleka matangani kipelekeni leo, na mmoja wenu alinde kitanda usiku huu ili mama huyo alale.