Corona ilitufungia, Karura ikatufungulia

Unakumbuka 2020? Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7, hakuna kuingia Nairobi wala kutoka. Ushago ukawa ndoto. Usiku kafyu, mchana watu watano ndani ya vyumba viwili, na mimi na mzee hatukuwa tunaongea tangu niache chuo.

Jumamosi moja mathe akasema, "Vaeni barakoa, twende Karura."

Tulitembea hadi kwenye maporomoko ya maji, mzee akinionyesha muhugu na mianzi. Akanisimulia vile Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 akiutetea msitu huu. Kisha akaniuliza polepole, "Na wewe, unapigania nini?"

Hakuwa ananigombeza. Alitaka kujua tu.

Tulirudi nyumbani tukiongea. Wewe je, mara ya mwisho kutembea na mzee wako ilikuwa lini?